Kutoka Msaidizi Hadi Kocha Mkuu: Mwongozo wa Kuamua Wakati Katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Futiboli ya Kimarekani inayochezwa na vyuo vikuu ina timu zaidi ya 130 katika ngazi yake ya juu, inayoitwa FBS, na kila timu ina kocha mkuu mmoja na wasaidizi wasiopungua 10. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba wasaidizi wengi hawatakalia kamwe kiti cha juu. Isichoonyesha ni kwamba hata miongoni mwa wanaokikalia, wapo wengi waliofika mapema mno, waliofika wakiwa wamechelewa, au waliofika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kushinda, na kwamba nafasi ya pili kwa kawaida ni ngumu kuipata kuliko ya kwanza.

Mwongozo huu unamhusu msaidizi ambaye jina lake limeanza kutajwa: mratibu wa ushambuliaji, mratibu wa ulinzi, au kocha wa kundi fulani la wachezaji ambaye wakurugenzi wa michezo wa vyuo vingine wameanza kumuulizia. Msimamo unaouongoza ni kwamba uamuzi hufanywa kabla simu haijaita. Tangu kocha afukuzwe hadi mrithi wake atangazwe hupita wiki chache, na mgombea mmoja mmoja hupewa saa chache tu za kusema ndiyo au hapana. Asiyekuwa na vigezo vyake vilivyoandikwa mapema ataamua kwa furaha ya kuitwa, na furaha hiyo haimsaidii mtu kusoma mkataba.

Hatua ya kwanza: Tenganisha kazi unayoijua na kazi unayoitaka

Siku ya Jumapili, baada ya mechi ya Jumamosi, mratibu wa ulinzi huingia chumba cha video mapema asubuhi, hupitia kila hatua ya mechi ya jana yake, kisha huanza kumchambua mpinzani wa wiki inayofuata, na kufikia katikati ya wiki mpango wake uko mezani ukiwa umechapwa na kugawiwa wachezaji. Kocha mkuu wa timu hiyohiyo huenda ametazama nusu tu ya video ile, kwa sababu ameitwa nje mara tatu. Mzazi wa mchezaji wa mwaka wa pili anataka kujua kwa nini mwanawe hakuingia uwanjani robo ya nne; ofisi inayosimamia kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ina swali kuhusu ziara ya kijana wa sekondari; na mfadhili aliyechangia jengo jipya la mazoezi anaomba wale pamoja chakula cha mchana siku ya Alhamisi. Kama mambo hayo matatu unayaona kuwa usumbufu unaokutoa kwenye futiboli, basi huitaki kazi ya kocha mkuu, hata kama unautaka mshahara wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwomba kocha mkuu wako wa sasa akuingize katika vikao visivyokuhusu: kikao cha bajeti, kikao cha nidhamu, mazungumzo na mchezaji anayetaka kuhama, na hesabu za malipo ya wachezaji. Hili la mwisho ni jipya. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na baada ya suluhu ya mahakamani iliyoidhinishwa Juni 2025, chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, na katika vyuo vikubwa fungu nono la fedha hizo huenda kwenye futiboli. Msaidizi ambaye hajawahi kukaa mezani fedha hizo zikigawanywa baina ya kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) na walinzi wa mstari wa mbele anaomba kazi ambayo nusu yake hajaiona.

Kuwahi kuwa mratibu si sharti, ingawa wengi hudhani hivyo. Dabo Swinney alikuwa kocha wa wapokeaji mpira tu pale Clemson, hajawahi kuwa mratibu, alipokabidhiwa timu kwa muda Oktoba 2008 baada ya kocha mkuu Tommy Bowden kuondoka katikati ya msimu. Baadaye alitwaa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2016 na 2018. Kalen DeBoer naye alijifunza kuongoza mbali na kamera, katika chuo kidogo cha Sioux Falls, ambako kati ya 2005 na 2009 alishinda mechi 67 na kupoteza 3, kisha akarudi kuwa msaidizi katika ngazi za juu kabla ya kupewa Fresno State, Washington, na hatimaye Alabama mwaka 2024. Kilichowaunganisha wawili hao ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshaonyesha kwamba watu humfuata.

Hatua ya pili: Isome bei yako bila kujidanganya

Bei ya msaidizi sokoni hupanda kwa matokeo ya timu nzima na hushuka kwa mambo ambayo mara nyingi si kosa lake. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Gus Malzahn. Msimu wa 2010 alikuwa mratibu wa ushambuliaji wa Auburn, akiwa na Cam Newton kama kwotabeki. Timu ilitwaa ubingwa wa taifa na yeye akapewa tuzo ya Broyles, inayotolewa kwa msaidizi bora wa mwaka tangu 1996. Akabaki. Newton akaenda NFL, ligi ya kulipwa, na msimu uliofuata Auburn ikashinda 8 na kupoteza 5. Desemba 2011 Malzahn alikubali kwenda Arkansas State, chuo cha ligi ndogo ya Sun Belt, kwa mshahara ulio chini ya ule aliokuwa akilipwa kama msaidizi. Mwaka mmoja baadaye Auburn, iliyoporomoka hadi ushindi wa mechi 3 bila yeye, ilimrudisha akiwa kocha mkuu, na msimu wa 2013 akaifikisha fainali ya taifa, ambako ilifungwa na Florida State 34 kwa 31.

Kisa hicho husimuliwa kama ushahidi wa subira. Nionavyo mimi, kinathibitisha kinyume chake: Malzahn alitambua kwamba msimu mmoja wa kawaida umeshapunguza thamani yake, na kwamba wa pili ungeimaliza, akashuka ngazi kabla hajashushwa. Kwa hiyo kila Novemba jiulize swali moja lisilopendeza: mwakani, nani anaondoka katika kikosi changu? Kama kwotabeki wako au walinzi wako watatu bora wanamaliza muda wao, huu ndio mwaka wako, na nafasi utakayoipata sasa huenda ikawa bora kuliko ile unayoiota.

Umri nao huhesabika, lakini si kwa namna inayosemwa. Lincoln Riley alikuwa na miaka 33 alipokabidhiwa Oklahoma Juni 2017, naye alirithi timu iliyokamilika pamoja na wasaidizi waliokwisha kuzoeana. Norm Chow, mmoja wa wataalamu wa mashambulizi walioheshimiwa sana nchini, alisubiri hadi miaka 65 ndipo akapata Hawaii mwishoni mwa 2011, akashinda 10 na kupoteza 36. Tofauti yao kubwa ilikuwa kile walichokikuta mezani. Lakini anayesubiri sana hupoteza kitu kingine: wasaidizi wenzake aliowahi kupanga nao kwenda pamoja huwa wameshaondoka, na vijana anaowasajili hawamjui tena kwa sifa zake za zamani.

Kwa kocha mweusi hesabu hii ni kali zaidi, na haifai kuipitia kimyakimya. Charlie Strong alikuwa mratibu wa ulinzi wa Florida iliyotwaa ubingwa wa misimu ya 2006 na 2008, na bado alikuwa na miaka 49 alipopewa nafasi yake ya kwanza ya kudumu, Louisville, Desemba 2009. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2009 inayovitaka vyuo vyake vya umma kumhoji angalau mgombea mmoja wa jamii za wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu, na mwaka 2020 kocha Mike Locksley alianzisha umoja wa makocha wa jamii hizo ili kuwaandaa na kuwatambulisha kwa waajiri. Ushauri wangu kwa aliye katika hali hiyo ni kwamba asiikubali kazi mbovu kwa hofu kwamba haitakuja nyingine, lakini pia asiikatae kazi ya kati kwa kusubiri ile ya juu kabisa.

Na yupo asiyepaswa kuomba kabisa. Bud Foster alikuwa na Virginia Tech tangu 1987, akawa mratibu wa ulinzi kuanzia 1995 hadi alipostaafu baada ya msimu wa 2019, akapata tuzo ya Broyles ya 2006, na hakuwahi kuwa kocha mkuu. Hata kocha mkuu Frank Beamer alipoondoka baada ya msimu wa 2015 na kocha mgeni kuletwa, Foster alibaki katika nafasi yake. Hakuna anayeyaita maisha hayo kushindwa. Leo ambapo waratibu wa vyuo vikubwa hulipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, kubaki kuwa msaidizi ni chaguo la kazi lenye heshima na kipato.

Hatua ya tatu: Ipime nafasi yenyewe kwa ukali kuliko unavyojipima wewe

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kuwa mgombea hutumia mwezi mzima kujiandaa kuhojiwa na hatengi hata siku moja ya kumhoji mwajiri. Swali la kwanza ni kwa nini kiti kiko wazi. Jibu rahisi ni kwamba kocha amefukuzwa kwa kupoteza, na hapo angalau matarajio yako chini. Jibu la hatari ni kwamba kocha ameondoka kwa kushinda. Southern Miss ilishinda mechi 12 na kupoteza 2 msimu wa 2011, kocha Larry Fedora akachukuliwa na North Carolina, na Ellis Johnson, mratibu wa ulinzi mwenye jina kubwa kutoka South Carolina, akaletwa kuendeleza mafanikio. Kwotabeki aliyeibeba timu alikuwa amemaliza chuo. Msimu wa 2012 timu ilipoteza mechi zote 12, na Johnson akafungashiwa virago baada ya mwaka mmoja.

Linganisha na Bill Snyder. Alikuwa na miaka 49 na alikuwa mratibu wa ushambuliaji wa Iowa alipoikubali Kansas State, timu ambayo haikushinda mechi hata moja katika misimu ya 1987 na 1988. Karibu kila mtu aliiona kazi hiyo kuwa kaburi la makocha. Mwaka wake wa kwanza, 1989, alishinda 1 na kupoteza 10, na hakuna aliyemgusa, kwa kuwa aliowakuta walikuwa tayari kusubiri. Mwaka wa tatu alishinda 7. Mwaka 1998 timu ilimaliza ratiba ya kawaida bila kupoteza, na leo uwanja wa chuo hicho una jina la familia yake. Timu mbovu yenye mwajiri mvumilivu ni kazi bora kuliko timu nzuri yenye mwajiri mwenye pupa.

Tatizo ni kwamba uvumilivu huo umepungua mno. Septemba 2025, UCLA na Virginia Tech ziliwatimua makocha wao siku moja, kila mmoja akiwa amepoteza mechi 3 za mwanzo, na wote wawili walikuwa katika kazi yao ya kwanza ya ukocha mkuu wa chuo. Kwa hiyo usimuulize mkurugenzi wa michezo kama ni mvumilivu, atasema ndiyo. Muulize mkataba wake mwenyewe unaisha lini, na kama rais wa chuo yuleyule aliyemwajiri bado yupo. Mkurugenzi mpya hupenda kocha wake mwenyewe, na kocha aliyeajiriwa na mkurugenzi anayeondoka huanza kazi akiwa yatima.

Swali linalofuata ni fedha, na liulizwe kwa mafungu matatu tofauti: fedha za wachezaji, fedha za mishahara ya wasaidizi, na fedha za watu wa nyuma ya pazia kama wachambuzi wa video, wataalamu wa lishe na maofisa wa usajili. Chuo kinachokuahidi mshahara mkubwa wewe binafsi huku fungu la wasaidizi likiwa dogo kinakununua peke yako, na mkono mtupu haulambwi: huwezi kumng'oa kocha mzuri wa walinzi kutoka ligi kubwa ya SEC kwa maneno matamu. Ukilazimika kuchagua, punguza mshahara wako uongeze wa wasaidizi, na uhakikishe kiasi hicho kimeandikwa katika mkataba, kwa sababu ahadi ya mdomo juu ya fungu la wasaidizi ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Kisha tazama ramani na ratiba. Wachezaji wengi bora wa sekondari hutoka majimbo kama Texas, Florida, Georgia na California, na chuo kilicho mbali na maeneo hayo kinahitaji nauli na uhusiano ambao pengine huna. Ratiba nayo husema mengi kuhusu nia ya chuo. Vyuo vidogo hukubali kusafiri hadi viwanja vya vyuo vikubwa mwezi Septemba ili kulipwa, na malipo ya mechi moja yanaweza kuzidi dola milioni moja. Ukiona mechi mbili za namna hiyo katika mwaka wako wa kwanza, ujue kwamba vipigo vyako vimeshauzwa kabla hujafika, na uombe jambo hilo lizingatiwe katika vigezo vya kukutathmini.

Majengo ni suala ambalo mgombea hulipuuza kwa sababu huonyeshwa michoro mizuri. Jeff Scott, mmoja wa waratibu wa ushambuliaji wa Clemson katika miaka ya ubingwa, alikwenda South Florida mwishoni mwa 2019, chuo ambacho wakati huo hakikuwa na uwanja wake na kilicheza katika uwanja wa timu ya NFL ya Tampa. Alishinda 4 na kupoteza 26. Mambo mengine pia yalichangia, na aliyemfuata alifanya vizuri zaidi, lakini funzo linabaki: hesabu majengo yaliyosimama, usihesabu yaliyo kwenye karatasi.

Hatua ya nne: Chagua njia moja uijue bei yake

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kwenda ngazi ya chini ukawe kocha mkuu, kama alivyofanya Nick Saban alipoiongoza Toledo msimu mmoja wa 1990 na kushinda 9, au Urban Meyer, aliyetoka kuwa kocha wa wapokeaji mpira wa Notre Dame kwenda Bowling Green mwaka 2001. Arkansas State yenyewe ilipoteza makocha watatu mfululizo, mmoja kila mwaka, waliochukuliwa na vyuo vikubwa: Hugh Freeze, Malzahn na Bryan Harsin. Chuo cha namna hiyo kinafaa, kwa kuwa kimezoea kuwapandisha watu na waajiri wanajua kukitazama.

Njia ya pili ni kusubiri kazi kubwa moja kwa moja. Kirby Smart alikaa misimu 8 akiwa mratibu wa ulinzi wa Alabama, na Desemba 2015 akachukua Georgia, chuo alichokichezea mwenyewe, akakitwalia ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Brent Venables alikaa Clemson misimu 10 kabla ya kwenda Oklahoma Desemba 2021, mahali alipowahi kufanya kazi kwa zaidi ya muongo mmoja, na hata hivyo mwaka wake wa kwanza ulikwisha kwa ushindi 6 na vipigo 7. Wote wawili walisubiri mahali walipopajua, na hilo ni tofauti kabisa na kusubiri chuo chochote chenye jina kikuite.

Ya tatu ni kuahidiwa urithi pale ulipo, na ndiyo yenye mitego. Florida State ilimwahidi Jimbo Fisher nafasi ya kocha mkuu Bobby Bowden katika mkataba wenye tarehe ya mwisho na adhabu ya mamilioni ya dola. Alirithi mwaka 2010 na kutwaa ubingwa wa msimu wa 2013. Texas ilimtangaza Will Muschamp kuwa mrithi wa Mack Brown mwaka 2008 bila kuweka tarehe. Muschamp aliondoka kwenda Florida Desemba 2010, na Brown akaendelea hadi mwisho wa msimu wa 2013. Urithi usio na tarehe wala fidia ni sifa tu, na waajiri wengine wakidhani umeshachukuliwa wataacha kukupigia.

Kazi mbaya ya kwanza haimalizi kila kitu, ila gharama yake ni miaka. Locksley alikwenda New Mexico mwaka 2009, akashinda 2 na kupoteza 26 hadi alipofukuzwa Septemba 2011. Alirudi kuwa msaidizi, akapata tuzo ya Broyles ya 2018 akiwa mratibu wa ushambuliaji wa Alabama, na ndipo Maryland ikamchukua kuanzia 2019.

Hatua ya tano: Andika benchi lako la ufundi kabla hujaulizwa

Chukua karatasi moja na uigawe kwa nafasi: mratibu wa ushambuliaji, mratibu wa ulinzi, kocha wa mstari wa mbele, kocha wa nguvu na mazoezi, meneja mkuu wa usajili na malipo, na wengineo. Kwa kila nafasi andika majina matatu. Mbele ya kila jina andika mshahara wake wa sasa, fidia ambayo chuo chake kitadai akivunja mkataba, na jambo moja la kifamilia litakaloamua kama atahama: mke mwenye kazi nzuri mjini, binti aliyebakiza mwaka mmoja wa sekondari, mzazi mgonjwa. Jina la kwanza mara nyingi halipatikani, ndiyo maana yanahitajika matatu.

Usiwajaze rafiki zako. Mratibu anayepanda cheo kwa sifa ya ulinzi humhitaji mtu wa ushambuliaji ambaye hana haja ya kumsimamia, na angalau msaidizi mmoja ambaye amewahi kuwa kocha mkuu na hana tena tamaa ya kiti hicho. Jihoji pia kama utaendelea kuita michezo mwenyewe, yaani kuchagua mbinu ya kila shambulio, siku ya mechi. Ukisema ndiyo, onyesha nani atasimamia saa, mapumziko ya timu na uamuzi wa kujaribu tena katika jaribio la nne, la mwisho la kusogeza mpira, kwa sababu mwajiri makini atakuuliza.

Karatasi hiyo ipitiwe kila Agosti. Iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita ina majina ya watu ambao sasa ni makocha wakuu, na kuisoma mbele ya mwajiri ni aibu.

Hatua ya sita: Ijue kalenda, na umwambie bosi wako

Siku hizi makocha huanza kufukuzwa Septemba. Vijana wa sekondari husaini mapema Desemba, na dirisha la uhamisho wa wachezaji kwa sasa liko Januari, hivyo vyuo hutaka kocha mpya awe ameketi mwishoni mwa Novemba au siku za kwanza za Desemba, wakati mwenyewe bado una mechi za kucheza. Mkutano mkuu wa chama cha makocha, AFCA, hufanyika Januari. Anayekwenda huko kutafuta ukocha mkuu wa ngazi ya juu amechelewa, lakini anayetafuta wasaidizi atawakuta wengi wamejaa kwenye korido za hoteli.

Mazungumzo ya kwanza hufanywa na wakala wako au kampuni ya uajiri iliyokodiwa na chuo. Mpe wakala orodha fupi ya vyuo ambavyo asivitaje kabisa, la sivyo jina lako litatumika kupandisha bei ya mteja wake mwingine. Kisha mwambie kocha wako mkuu kabla hajasoma habari hizo kwenye simu. Makocha wakuu wengi wamepita njia hiyohiyo na watakusaidia. Kinachowaudhi ni kushtukizwa. Wachezaji wako waambie pale tu jambo likishakuwa la kweli, kwani tetesi moja ikienea wiki ya mechi kubwa, maswali yataanza kwenye chumba cha video.

Hatua ya saba: Soma mkataba kuanzia mwisho

Anza na ukurasa wa kufukuzwa. Kuna kufukuzwa kwa kosa, ambako hulipwi kitu, na kufukuzwa bila kosa, ambako hulipwa kiasi kilichobaki au sehemu yake. Orodha ya makosa ikiwa na maneno mapana kama vile mwenendo usiofaa, wakili wako ayabane. Tazama kama malipo hayo yatapunguzwa ukipata kazi nyingine, na usiache kuuliza hali ya wasaidizi wako, ambao hufukuzwa pamoja nawe wakiwa na mikataba mifupi.

Miaka mitano ni muda unaofaa, kwa sababu kijana anayesajiliwa hutaka kuona kwamba mkataba wako unavuka miaka yake ya kucheza. Angalia pia fidia utakayodaiwa wewe ukiondoka. Manny Diaz, mratibu wa ulinzi wa Miami, aliikubali Temple Desemba 2018, na kabla ya wiki tatu kuisha akarudi Miami kuwa kocha mkuu baada ya Mark Richt kustaafu ghafla; Temple ililipwa mamilioni ya dola. Kipengele hicho ndicho kilichomwezesha kuondoka kwa bei inayojulikana, bila kesi.

Hatua ya nane: Maliza kazi uliyonayo, au iache mara moja

Ukiteuliwa wakati timu yako ya zamani bado iko katika mechi za mchujo wa kuwania ubingwa, utakuwa na kazi mbili. Smart alibaki Alabama hadi fainali ya Januari 2016 na kuishinda. Dan Lanning, aliyeteuliwa na Oregon Desemba 2021, aliiongoza safu ya ulinzi ya Georgia hadi ubingwa wa Januari 2022. Lane Kiffin, mratibu wa ushambuliaji wa Alabama, alijaribu hivyohivyo baada ya kuteuliwa na Florida Atlantic Desemba 2016, lakini wiki moja kabla ya fainali yeye na Alabama walikubaliana aondoke, na Alabama ikaipoteza fainali hiyo kwa Clemson, 35 kwa 31.

Tangu mchujo ulipopanuliwa hadi timu 12 kuanzia msimu wa 2024, kipindi hicho cha kazi mbili kimerefuka. Anayeamua kubaki atangulize watu wawili katika chuo kipya siku ileile anayotangazwa: meneja wa usajili, atakayezungumza na kila mchezaji aliyepo kabla hajashawishiwa kuhama, na kocha wa nguvu na mazoezi, ambaye wachezaji watakuwa naye kila siku kuanzia Januari. Yeye mwenyewe atenge saa maalumu za asubuhi kwa simu za chuo kipya, na saa zinazobaki ziwe za timu inayomlipa hadi filimbi ya mwisho. Asiyeweza kugawa siku yake hivyo, au ambaye kocha wake mkuu ameonyesha kutoridhika, aage siku hiyohiyo, akabidhi mpango wa mechi kwa anayemfuata, na arudishe kompyuta ya chuo ikiwa na faili zake zote.